Cheti changu cha ubatizo kimekataliwa: naomba mwongozo

Kisauni:
Watanzania wenzangu mlioko Mombasa, Bwana Yesu asifiwe. Juzi nilikwenda katika ofisi ya kanisa tunalosali na mchumba wangu ili tuandikishe ndoa. Karani alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya maneno "kwa jina la Bwana Yesu" kwenye cheti changu, akanirudishia dirishani huku akisema, watu wote wa foleni wakisikia, kwamba mimi bado sijabatizwa. Je, niombe barua gani, na kwa nani, kabla matangazo hayajaanza kusomwa?

Likoni:
Pole sana, dada. Mimi nilipotoka KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) niliombwa barua ya utambulisho na cheti cha kipaimara tu. Hata hivyo, kimafundisho karani hakukosea, kwa sababu Mathayo 28:19 inataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jambo hili liliwagawa hata Wapentekoste: mwaka 1916, Assemblies of God ya Marekani ilipouandika msimamo wake juu ya Utatu, wahubiri waliobatiza kwa jina la Yesu pekee walijitenga.

Bamburi:
Mzee wangu, Matendo 2:38, inayosema watu wabatizwe kwa jina lake Yesu Kristo, nayo ni Maandiko. Katika Matendo 18, mhubiri Apolo alijua ubatizo wa Yohana tu, lakini Priska na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumwaibisha katika sinagogi, wala hatusomi kwamba alibatizwa upya.

Changamwe:
Upole ni mwema, ila tusiufanye kisingizio cha kunyamaza. Msitu wa Shakahola uko hapo Kilifi tu, na mwaka 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watu wanaoaminika kufunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu. Ninaamini wapo waumini waliosikia mafundisho yale mapema wakaona si kazi yao kumsahihisha mhubiri wa watu wengine.

Likoni:
Ndugu wa Bamburi, ungeendelea na sura inayofuata. Wanafunzi wa Efeso, waliokuwa wamebatizwa ubatizo wa Yohana, walibatizwa tena, Matendo 19:5.

Bamburi:
Nimeendelea. Aya hiyo hiyo inasema walibatizwa kwa jina la Bwana Yesu, na kabla ya hapo Paulo aliwauliza maswali.

Likoni:
Aya hiyo inaeleza walibatizwa kwa mamlaka ya nani, si maneno aliyoyatamka mbatizaji. Ndivyo tulivyofundishwa Moshi, ambako tulikaa na Katekisimu Ndogo ya Luther kwa miaka miwili, na mchungaji akatuuliza maswali mbele ya usharika mzima kabla ya kutuwekea mikono. Ninalikumbuka sana darasa lile, na inanisikitisha kwamba hapa mtu mzima anayetoka kanisa lingine hupewa fomu tu, bila mwalimu. Walio tayari kujifunza tukutane kwangu Jumapili baada ya ibada, pamoja na dada yetu wa Kisauni na mchumba wake, na ndugu wa Bamburi aje na hoja zake.