MREJESHO: Swali langu la Utatu Mtakatifu

Wapendwa, nawashukuru sana. Niliuliza nimjibuje mwanangu wa miaka 11, aliyetoka mafundisho ya kipaimara na swali hili: "Mama, kama Yesu ni Mungu, pale Getsemane alikuwa anamwomba nani?" Wengi mliniambia nitumie mfano wa maji, barafu na mvuke: kitu kimoja kwa sura tatu.

Niliutumia. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi Baba alijigeuza akawa Yesu?" Nikakwama.

Jumapili nikamfuata katekista wetu. Mzee yule akaniambia kwa upole kwamba mfano huo unarudisha fundisho la Sabelio la karne ya 3, la Mungu mmoja anayebadili sura tu, na Kanisa lililikataa. Kisha akaniomba nitamke Kanuni ya Imani polepole. Nilipofika "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", akanisimamisha. Maneno niliyoyasema tangu utoto! Kumbe yalitungwa kwenye mtaguso wa maaskofu huko Nikea mwaka 325 kumjibu padre Ario, aliyefundisha kuwa Mwana ni kiumbe.

Halafu akafungua Mathayo 28:19, "mkiwabatiza kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu", kidole chake kikakaa kwenye neno "jina". Jina moja, si majina, ila wanatajwa watatu.

Jioni, tukichambua mchicha, nikamwambia mwanangu: Mwana alikuwa anamwomba Baba kwelikweli. Ni Nafsi mbili, si igizo; na pamoja na Roho Mtakatifu ni Mungu mmoja, si watatu.

Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo walikuwa wanapendana hata kabla ya dunia kuwepo?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Machozi yalinitoka.