Mliotoka jela mkapata kazi, tupeane uzoefu

Wadau wa Malindi na Lamu, mdogo wangu katoka ndani mwezi jana. Alikatiwa miaka 3 akatoka baada ya 2 kwa rimisheni (kupunguziwa kifungo kwa tabia njema), useremala kajifunza hukohuko na mtihani wa gredi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kafanya, lakini kila anapobisha hodi anaambiwa lete gudi kondakti, kile cheti cha polisi cha kuonyesha kama una rekodi ya jinai. Tumelipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, alama za vidole kachukuliwa, na jibu tunalijua kabla halijatoka. Mliopitia mlifanyaje? Na nyinyi matajiri mnaoajiri semeni pia msijifiche.

Wa Matondoni, Lamu: Pole kaka. Mimi makaratasi sikuyafuata kabisa, nilienda kwa ami yangu fundi wa majahazi. Msumeno hakunipa, alinipa kalafati. Wiki tatu niko chini ya chombo nasokomeza pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao, shingo imepinda, na kila apitaye anauliza "huyu si yule?" Ami anajibu "ndiye, na ubavu huo ametia yeye, ukivuja njoo kwangu." Wallahi sijasahau. Chombo kikashuka maji hakikuvuja, na safari ya pili mwenye chombo akaja kuniulizia mimi.

Mama Mahamri: Mimi nilificha. Nilipata kazi ya usafi nyumba moja ya wageni Watamu, miezi minne hakuna neno, siku simu ya mgeni ikapotea na habari zangu zikawa zimeshafika, basi macho yote kwangu, mkoba wangu ukamwagwa mezani mbele ya watu. Simu ikapatikana ndani ya mashuka ya dobi. Hata pole sikupewa. Niliondoka mwenyewe, sasa napika mahamri na mbaazi. Lakini nikifikiria, ningemwambia mtu mmoja tu mapema, labda siku ile angesimama upande wangu. Au labda nisingeajiriwa kabisa, sijui.

Fundi mbao, Malindi: Mimi naajiri, na nimeshachukua wawili. Ufundi sio shida, wanapiga randa mbao kuliko hawa vijana wangu wa simu mkononi. Shida ni kula. Mtu analala kwa watu, anakula kwa watu, wewe unamwambia mshahara mwisho wa mwezi, atafika na nini? Mwezi wa kwanza nalipa kila jioni, na chai ya saa nne juu yangu. Sidanganyi, mmoja alipotea na randa yangu mpaka leo. Wa pili huu mwaka wa nne, funguo za karakana anazo yeye. Pia mpeleke dogo ofisi ya probesheni, ile ya serikali ya kuangalia wenye vifungo vya nje, wale hawashughuliki na kesi tu, na waliotoka pia ni kazi yao, aulizie vifaa huko.

Mwenye mada: Shukran sana, mama nimekusoma mara mbili. Fundi, karakana iko upande gani? Dogo atakuja kesho asubuhi, na randa atakuja na yake 😅