Naomba ushauri: ndoa tatu za Elizabeth de Clare

Habari zenu wanajamvi. Naandika makala kuhusu Elizabeth de Clare (1295–1360), mjukuu wa mfalme Edward I wa Uingereza, na nimekwama.

Mwaka 1308 aliolewa na John de Burgh, mtoto wa Earl (kabaila mkubwa) wa Ulster, Ireland, akafiwa naye 1313. Mwaka uliofuata kaka yake Elizabeth aliuawa vitani Bannockburn, Scotland, bila kuacha mtoto, na ardhi kubwa ya ukoo ikamwangukia Elizabeth na dada zake wawili. Hapo ndipo wachumba walipomwandama! Februari 1316 Theobald de Verdun alimchukua kutoka kasri la Bristol, wakaoana bila idhini ya mfalme. Verdun alijitetea kwamba walishachumbiana Ireland. Miezi sita haikutimia, akafa. Mwaka 1317 mfalme Edward II akamshinikiza aolewe na kipenzi chake, Roger Damory.

Kwa tukio lile la Bristol nimeandika “alitekwa”, nikafuta. Nikaandika “alitoroshwa”, nayo inaelekea kusema aliridhia. Nitumie neno gani la haki kwake?

La pili: watoto wake, William, Isabella na Elizabeth (binti mwenye jina la mama yake), ni wa mama mmoja, kila mmoja na baba yake. Kwenye mchoro wa ukoo niwapangeje msomaji asichanganyikiwe?

Natanguliza shukrani.