Tupeane uzoefu: kusimamisha na kulaza mlingoti wa mashua bila kuumizana

mwana_pwani: Masika imekaribia, mashua zinapandishwa pwani kupigwa kalafati (kuzibwa mianya ya mbao). Mlingoti wa mita 6, watu wanne: mnaulazaje?

fundi_kalafati: Foromali (mti unaobeba tanga) na tanga kwanza, vitoke chomboni kabisa. Chombo kikae wima kwenye mchanga mkavu, magogo ubavuni. Funga kamba tatu kichwani pa mlingoti: moja ya omo (mbele ya chombo), mbili za kulia na kushoto. Hizo za ubavuni zishikwe usawa wa kisigino (mwisho wa chini wa mlingoti), la sivyo moja italegea na nyingine kukaza mlingoti ukiinama. Hapo ndipo unagonga kabari zitoke na kufungua kamba ya boriti, ule mti wa kukingama unaofungiwa mlingoti. Laza kuelekea tezi (nyuma), kamba ya omo ikiachiwa polepole.

demani: Kweli kabisa. Na iwe alfajiri, kabla upepo haujaamka.

ngalawa_tu: Tezi, tezi! Ngalawa mlingoti umepita kwenye tundu la ubao, haulali upande wowote. Lazima unyanyuliwe wima mpaka kisigino kitoke tunduni.

fundi_kalafati: Nimesema mashua, ndugu yangu. Na hata mashua, angalia boriti: mlingoti uliofungwa mbele ya boriti unalazwa omo.

bamvua: Mnabishania upande, mnasahau kinachoua. Mlingoti wa kilo 60, kamba ya omo imefungwa mita 2.5 mbele ya kisigino: ukibaki nyuzi 30 kulala, kamba hiyo inavuta kama kilo 150! Wakati huohuo inasukuma kisigino kuelekea omo, palepale aliposimama mshika kamba. Kisigino kikiwa kimeoza au kimelainika kwa maji ya mvua, kinaruka nje ya mwashiri (gogo lenye tundu la kukalia kisigino), mlingoti mzima unateleza mbele kwa kishindo na kugonga magoti au tumbo. Kifungeni kwa nyuma, kamba ipite kwenye taruma (mbavu za chombo) mbili. Mshika kamba akae pembeni.

mwana_pwani: Kilo 150? Kwa mikono haishikiki!

bamvua: Ndiyo maana unaizungusha mara mbili au tatu kwenye nguzo imara. Tena simamisha mkasi: miti miwili ya mita 2.5 iliyofungwa vichwa, miguu yake pande mbili za kisigino, kamba ya omo ipite juu yake. Mkasi uegemee omo kidogo, nao ufungwe kamba yake usianguke. Wakati wa kusimamisha unahitajika zaidi, maana mlingoti uliolala ukiuvuta bila mkasi unasukuma kisigino tu, kichwa hakinyanyuki.

demani: Kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), siyo nailoni. Nailoni inavutika, halafu inarusha.

ngalawa_tu: Usumba uliokauka juani unakatika ghafla. Nailoni nene, milimita 14, mimi siiachi.

fundi_kalafati: Yoyote, mradi uipitishe kiganjani pima kwa pima kabla. Na mlingoti ukishalala, chokoa kisigino kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo, usiusimamishe tena. Kikigoma, upake sifa (mafuta ya papa) na uachwe ukauke kivulini.

mwana_pwani: Wa kwetu, kisu kimezama nusu kidole.

bamvua: Huo basi tena, tafuta mti mwingine wa mvinje.