Diski za NVMe kwa mtandao: njia mbili zipo, inatumika moja tu

Mleta mada: Wakuu habari, nina seva ya Red Hat 9 imeungwa na storeji ya NVMe (diski za kasi) kwa TCP, yaani kwa mtandao wa kawaida, kupitia swichi mbili, nikipiga `nvme list-subsys` naona njia zote ziko live ila trafiki yote inapita moja, nimewasha multipathd (programu ya kuunganisha njia kadhaa za diski moja) kama tulivyozoea kwenye iSCSI, ile njia ya zamani ya diski kwa mtandao, lakini haioni kitu, nakosea wapi?

Jibu: Mkuu multipathd huihitaji hapo, kwenye 9 keneli yenyewe ndo inaunganisha njia za NVMe, soma `/sys/module/nvme_core/parameters/multipath` ukikuta Y uko sawa. Shida ni iopolicy, yaani kanuni ya kuchagua njia, ya kawaida ni `numa`, inachagua njia moja inakaa nayo. Andika `round-robin` (njia zipokezane) kwenye `/sys/class/nvme-subsystem/nvme-subsys0/iopolicy`, alafu weka na sheria ya udev (inayoweka mpangilio huo yenyewe diski ikionekana) maana ukiriboot inarudi kama mwanzo.

Jibu: Naongezea, cheki na hali ya ANA (storeji inavyotaja njia ipi ni bora), njia ikiwa non-optimized haitaguswa mpaka ile nzuri ikatike, hapo sio kosa lako. Na chomoa kebo moja ujaribu kabla hujaweka data za watu, tafadhali sana.

Mleta mada: Imekubali wakuu, zote mbili zinapiga kazi! Kebo nachomoa kesho asubuhi.