Hivi kwenye genge la simba dume, mwenye mwili mkubwa ndiye bosi?

Kobe_Mbio:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu juzi naomba wanaojua wanyama wanisaidie. Niliona klipu ya simba dume watatu kwenye mzoga wa nyati, mmoja jibaba kweli kweli, kifua kama pipa, manyoya meusi mpaka chini ya tumbo, wa pili wa kawaida tu, na wa tatu ndo kamwili kadogo halafu manyoya yenyewe ya kuungaunga. Mi nikajua hapa jibaba anakula kwanza wenzake wanasubiri zamu, kumbe wapi, kale kadogo kamekumbatia paja la nyati kanamngurumia jibaba, jibaba akageuka zake akaenda kulala pembeni anapiga miayo. Nikabaki hoi.

Sasa nauliza, ubabe ndani ya genge (yaani madume wanaotembea na kulinda eneo pamoja) unaamuliwa na nini? Uzito, manyoya, umri, au nani kamzidi mwenzake roho mbaya? Na je kuna bosi kweli au ni sisi tunawagawia vyeo? Maana kwenye komenti kuna jamaa alikuwa anaapa simba mkubwa ana kilo 300 na huyo ndo anatawala wote, sijui kampima na mzani gani.

Chuma_cha_Reli:
Mkubwa ndo bosi mkuu, hakuna siri hapo, angalia majogoo angalia beberu. Huyo uliyemuona alikuwa ameshashiba tu.

Dereva_wa_Nyika:
Chuma mengine sikubaliani na wewe ila hapo kwenye kushiba umegusa penyewe.

Nimeendesha watalii Serengeti miaka kadhaa kwa hiyo simba nimewaangalia mpaka nikawachoka (uongo, huwachoki). Tuanze na hizo kilo. Dume wengi wazima wako kati ya kilo 150 na 225 hivi, wa kusini mwa Afrika kwa kawaida wanawazidi kidogo hawa wa kwetu Afrika Mashariki. Kuna mmoja alipimwa maeneo ya Mlima Kenya akatoa kilo 272 na mpaka leo anatajwa kama maajabu, sasa huyo wa kilo 300 kwenye kila komenti anatoka wapi. Halafu kumbuka dume akikaa kwenye mzoga anaweza kupakia nyama kilo 30 na ushee kwa mkao mmoja, kwa hiyo ukimuona leo tumbo linaburuza na ukimuona baada ya siku nne hajagusa kitu utaapa ni simba wawili tofauti. Ndo maana wanaopima kwa utaratibu wanatoa hesabu ya kilichomo tumboni kwanza.

Sasa swali lenyewe. Kuna ndugu wawili nilikuwa nawafuatilia, mkubwa alikuwa mkubwa haswa na alikuwa na kovu puani, mdogo alikuwa mwembamba mwembamba miguu mirefu. Siku hiyo jike mmoja yuko tayari kupandwa, mdogo akawa amewahi kumfikia alfajiri. Mkubwa akaja anatembea, mi moyoni nasema leo kinanuka, abiria wote kamera juu. Jamaa alifika kama hatua thelathini akalala, akageuza uso akaangalia upande mwingine kabisa kama mtu aliyekuta shemeji anaoga. Siku mbili alikaa vile vile! Mdogo anampanda jike kila baada ya nusu saa na mkubwa analamba kucha.

Baadaye nikaja kujua sio maajabu. Watafiti Craig Packer na Anne Pusey waliokaa na simba wa Serengeti tangu miaka ya 70 mwishoni waliliandika hilo, kwamba dume aliyewahi jike wenzake wanamheshimu, hawamvamii hovyo. Na ukifikiria lina akili, wote wawili wana meno yale yale, ukimpasua mwenzako leo kwa ajili ya jike mmoja, wiki ijayo wakija wageni wanne unasimama na nani? Kwenye nyama nimeona mambo yanafanana, aliyeshika kipande chake kakishika, kelele zitakuwepo na makofi mawili matatu lakini kumng'oa pale ni kazi. Kwa hiyo hako kadogo ka kwenye klipu kalikuwa na haki ya aliyewahi.

Chuma_cha_Reli:
Hahaha shemeji anaoga. Ila mkuu hiyo ni hadithi ya simba wawili tu.

Bibi_Nyuki:
Dereva asante kaka, umeeleza vizuri ila umeeleza Serengeti. Simba hawako Afrika peke yake, wapo wa msitu wa Gir kule Gujarat India, na hao wana mambo yao.

Kule watafiti Stotra Chakrabarti na Yadvendradev Jhala waliwafuatilia madume kwenye magenge yao wakatoa matokeo 2017, na walikuta bosi yupo tena wazi kabisa, kuna wa kwanza kuna wa pili, mnajua nani ni nani. Wa juu anachukua zaidi ya asilimia 70 ya kupandana kote na kwenye chakula pia anamwacha mwenzake mbali. Hapo hakuna cha nani kawahi.

Mimi navyoona (hii ni akili yangu msije mkanishika mashati) tofauti iko kwenye sahani. Gir wanakula sana swala wale wenye madoadoa, chitali, mnyama mdogo, wakifika madume wawili hapo hapatoshi lazima mmoja ale mwingine ameze mate. Sasa nyati wa kwenye klipu ya Kobe ni ghala zima, ugombane na ndugu yako kwa kipi wakati upande wa pili kuna mguu mwingine haujaguswa. Halafu Gir madume hawakai na majike kama Serengeti, wanaishi mbali mbali, wanakutana zaidi wakati wa kupandana au mzoga ukiwa mkubwa, kwa hiyo nafasi zenyewe ni za kugombea.

Chuma_cha_Reli:
Haya si nilisema mimi, bosi yupo. Naomba radhi zangu hapa hapa.

Bibi_Nyuki:
Nimesema bosi yupo, sijasema bosi ni mzito. Soma vizuri mwanangu.

Mtoto_wa_Sita:
Mbona hakuna anayegusa manyoya? Hao hao wa Serengeti, Packer na mwenzake Peyton West, walitengeneza simba wa bandia wenye ukubwa wa simba kamili, wakawavalisha manyoya, wengine meusi wengine ya rangi nyepesi, marefu na mafupi, wakawapa na majina kabisa, Romeo, Lothario, Fabio na Julio 😂 halafu wanapiga kwa spika sauti za fisi wakiwa kwenye mzoga ili simba wa kweli waje kuchungulia. Majike walikuwa wanamwendea mwenye manyoya meusi, madume wao walikuwa wanamkwepa mwenye manyoya marefu au meusi wanamsogelea yule anayeonekana dhaifu. Ilitoka 2002.

Sababu ni kwamba weusi unaenda na testosteroni (homoni ya kiume) nyingi na kula vizuri, na ufupi wa manyoya mara nyingi ni dalili kwamba jamaa ametoka kuumizwa karibuni. Kwa hiyo dume akikuangalia shingoni ni kama anasoma faili lako la hospitali. Ila weusi una gharama zake, mwili unapata joto zaidi, kwenye jua kali dume mweusi anateseka kweli.

Dereva_wa_Nyika:
Sahihi kabisa. Na ndo maana usiende Tsavo ukamdharau dume mwenye kipara, kule kwenye joto wengi hawana manyoya ya maana na ni madume kamili. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli 1898 hawakuwa na manyoya wote wawili na sidhani kama kuna mtu aliwaambia nyie sio mabosi.

Kobe_Mbio:
Aisee nimejifunza kitu. Kwa hiyo nikielewa, manyoya ni ya kuwatisha watu wa nje zaidi kuliko ndugu zako wa ndani? Maana ndugu yako anakujua tangu mkiwa vitoto, hahitaji kukuangalia shingoni.

Mtoto_wa_Sita:
Eeh ndo navyoelewa mimi, wa nje ndo wanakusoma toka mbali.

Mzee_Upepo:
Vijana mnabishana kilo na manyoya mnasahau hesabu ya vichwa. Genge likikutana na genge, kilo za mmoja mmoja hazina maana sana, swali ni mko wangapi.

Chukueni genge la Mapogo wa hifadhi ya Sabi Sand Afrika Kusini. Sita! Kuanzia kama 2006 waliteka eneo kubwa wakaua simba wengi mno, watoto kwa wakubwa. Mkubwa wao wa umri alikuwa Makulu, na kulikuwa na Mr T ambaye kila mtu anamjua kwa ukatili wake. Miongoni mwao walikuwa wanapigana na kununiana ila wakisimama pamoja hakuna wa kusogea. Halafu wakagawanyika. 2010 wawili tu, Mr T na Kinky Tail, wakakutana na genge la Majingilane, watano, wakaua mmoja, sawa, lakini wanne waliobaki wakamgeukia Kinky Tail wakammaliza. 2012 Mr T naye akauawa na genge jingine, la Selati. Mwili ule ule, meno yale yale, kilichopungua ni ndugu.

Hapo Serengeti kwenyewe, Bob Junior, dume ambaye watalii walikuwa wanamfuata kama msanii, Machi 2023 aliuawa na madume vijana. Umri umeenda, wenzako wamepungua, wanakuja.

Na haya sio ya kuchekesha kwa sababu genge likipinduliwa watoto wadogo wanauawa na wageni ili majike warudi haraka kwenye hali ya kupandwa. Wastani wa kukaa na majike ni miaka miwili mitatu tu, genge kubwa linakaa zaidi, dume wa peke yake mara nyingi hapati hata nafasi ya kuingia.

Dereva_wa_Nyika:
Shikamoo mzee. Niongezee hapo, mtafiti Jon Grinnell na wenzake walipiga ngurumo za simba wageni kwa spika wakaangalia madume wa Serengeti watafanya nini, yakatoka 1995. Walikuwa wanaifuata sauti hata kama sauti ni nyingi kuliko wao! Na haikujali kama mwenzake ni ndugu wa damu au wa kuokotana, anaenda tu.

Chuma_cha_Reli:
Subiri, kuna wa kuokotana? Mi nilijua wote ni ndugu.

Bibi_Nyuki:
Wapo. Wawili au watatu wanaweza kuwa watu baki kabisa, walikutana porini wakati wa kutangatanga baada ya kufukuzwa nyumbani. Cecil, yule simba maarufu wa hifadhi ya Hwange Zimbabwe aliyeuawa 2015, alikuwa na mwenzake Jericho, mwanzo watu wakawaita ndugu kumbe hawakuwa ndugu. Ila magenge makubwa, wanne kwenda juu, karibu siku zote ni ndugu na binamu waliokua pamoja, Packer na wenzake walipima vinasaba wakaonyesha hilo 1991.

Na hapa ndo swali la Kobe linapojibika kwa sehemu kubwa. Kwenye genge la wawili kupata watoto kunagawanyika vizuri kidogo, lakini mkiwa wengi kuna madume wanaoondoka duniani bila mtoto au na mmoja. Sasa mtu baki atakubali vipi kulinda mji wa wenzake bure? Ndugu anaweza kuvumilia, maana watoto wa kaka yake ni damu yake pia. Kwa hiyo hata pale Serengeti usitegemee usawa wa malaika, kuwahi kunasaidia lakini mkiwa watano sita na jike mmoja, kuna watu watalala pembeni tu kila mara.

Chuma_cha_Reli:
Sawa nimeshindwa. Lakini ana kwa ana, mmoja kwa mmoja, mkubwa anashinda, hilo msininyang'anye.

Mzee_Upepo:
Hilo chukua. Tatizo ana kwa ana yenyewe ni nadra.

Kobe_Mbio:
Swali la mwisho wakuu kabla sijafunga, kwenye klipu nitajuaje kama kale kadogo ni kijana au ni mzee aliyechakaa? Maana naona umri unatajwa sana.

Dereva_wa_Nyika:
Angalia pua. Simba anazaliwa na pua ya pinki inaanza kuota madoa meusi kadiri anavyokua, akifika kama miaka 5 nusu ya pua imeshakuwa nyeusi, inazidi kuendelea. Halafu angalia meno, kama yana rangi ya chai na yamevunjika ncha huyo mzee.

Kobe_Mbio:
Nimerudi kuangalia, nimesimamisha picha mpaka macho yanauma. Kadogo pua bado ya pinki kwa sehemu kubwa, meno meupe kama karatasi. Jibaba pua nyeusi yote na jino moja la juu halipo, na sasa hivi ndo naona tumbo lake limelala chini pembeni kama gunia, kumbe alikula wa kwanza kabla hata video haijaanza.

Chuma_cha_Reli:
NILISEMA KASHIBA 😂😂