Mjadala: Lulu ya chaza mkubwa, nani abebe mzigo wa uthibitisho?

Ndugu wana mjadala, swali ni hili: je, anayeuza lulu za chaza wakubwa hapa Dar es Salaam alazimishwe kuonyesha cheti cha maabara kabla ya kutaja bei? Wanaopinga wanasema biashara ni maelewano, na aliyekubali bei hana wa kumlalamikia. Mimi nasema alazimishwe, kwani hakuna maelewano ya haki pale ambapo muuzaji anajua alichoshika na mnunuzi anaonyeshwa karatasi ya makadirio tu.

Makadirio hayo ndiyo yanayopandisha bei. Lulu ya Lao Tzu, iliyopatikana Palawan, Ufilipino, mwaka 1934, ina uzito wa kilo 6.4. Mwaka 1980 warithi wa mmiliki wake waliiuza kwa dola 200,000, lakini wathamini waliofuata wakaitajia makumi ya mamilioni. Mwaka 2016 ikatangazwa nyingine ya kilo 34, ambayo mvuvi wa huko huko alikuwa ameihifadhi chini ya kitanda kwa miaka, na vyombo vya habari vikaitajia dola milioni 100. Takwimu hizo za mamilioni hazikutokana na mauzo yoyote, ila mchuuzi wa mjini huzitumia kana kwamba ni bei ya soko.

Tena nyingi si lulu kabisa. Ganda la chaza huyu ni nene kiasi cha kuchongwa tufe na kung'arishwa, na kwa kuwa hata lulu yake halisi haina mng'ao wa rangirangi, bali ni nyeupe kama kikombe cha kauri, jicho hudanganyika kirahisi. Ukilimulika tufe la kuchonga kwa tochi kali, mara nyingi utaona mistari iliyonyooka, sambamba, ikipita upande hadi upande, kwa sababu ganda hujengwa kwa matabaka bapa. Lulu ya kweli hukua kwa kuzunguka kiini chake. Kwa uhakika kamili inahitajika eksirei.

Niongeze jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: Tridacna gigas, chaza mkubwa kuliko wote, haishi katika pwani yetu. Waliopo huku ni jamaa zake wadogo, maxima na squamosa, kwa hiyo anayekuletea lulu ya kilo kadhaa na kuapa kwamba imetoka Mafia anapaswa kuhojiwa. Chaza hao wote wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na kuvusha ganda au lulu mpakani kwa kawaida kunahitaji kibali, ambacho mnunuzi mgeni hukikumbuka akiwa tayari uwanja wa ndege.

Wapo wanaohofia kwamba gharama za vipimo zitawaumiza wachuuzi wadogo. Kwa shanga na mapambo ya bei nafuu nawaunga mkono, wasibughudhiwe. Lakini anayedai mamilioni ya shilingi kwa tufe moja, na bado anasema hana uwezo wa kulipima, naomba wanaomtetea watueleze alifikaje kwenye bei hiyo.